Ukisikia rafiki yako anasengenywa na rafiki yenu wa pamoja: umwambie au unyamaze?

Kitasa ameuliza:

Wakuu, naomba tulichambue hili kwa undani. Jibu la "achana na umbea" halimsaidii mtu ambaye maneno yameshamfikia masikioni.

Watu watatu ni marafiki. Mmoja hayupo, na mwenzake anaanza kumsema mbele ya yule wa tatu. Ili tusichanganyane tuwaite msemaji, msikiaji na msemwa. Msikiaji hakuyatafuta maneno, yamemkuta. Akienda kumwambia msemwa ataitwa mchonganishi. Akinyamaza, na baadaye ikajulikana kwamba alikuwa anajua, ataitwa mnafiki.

Sasa: anapimaje kama jambo linastahili kufikishwa? Akiamua kulifikisha, analisema kwa maneno gani, na jina la msemaji analitaja au analificha? Na kama msemaji hakumponda mtu ila alitoa siri aliyoaminiwa, hesabu inabadilika? Naomba majibu ya watu wanaosuluhisha mambo haya. Methali tunazo za kutosha.

---

Msuluhishi_K amejibu:

Ndugu Kitasa, kabla ya "nimwambie?" msikiaji ajiulize swali moja: msemwa akilijua hili leo, kuna kitu atakachofanya tofauti kesho? Kama kipo, ana haki ya kujua. Kama hakipo, na kitakachobaki ni maumivu tu, mwache alale usingizi wake.

"Siku hizi anaringa", "hajui kuvaa", "akianza kuongea hanyamazi": haya ni maoni. Msemwa hana la kuyafanyia, kwa hiyo yaishie pale yaliposemwa. Siri iliyotoka ni habari nyingine. Mtu aliyemwambia rafiki kwamba anaumwa, au anadaiwa, au anapanga kuacha kazi, na sasa habari iko kwa watu wanne, bado anaishi kana kwamba imefichika. Huenda amepanga kumweleza mwajiri mwenyewe mwezi ujao. Asipoambiwa mapema, mwajiri atalisikia njiani na yeye ataonekana mdanganyifu kwa jambo ambalo hakudanganya. Uzushi unaogusa kazi, ndoa au fedha nao ufikishwe haraka. Na palipo na hatari ya mwili, mtu kutishiwa kupigwa au kutaka kujidhuru, hapana mjadala: linafikishwa siku hiyo hiyo kwa mtu anayeweza kusaidia, hata kama uliapa kutosema.

Lakini sehemu kubwa ya kazi inatakiwa ifanyike mapema zaidi, pale pale maneno yanapotoka. Msikiaji anayetabasamu na kuitikia "ehee, halafu?" ameshahesabiwa kuwa mmoja wao. Hata ukimya wa kuangalia simu msemaji huusoma kama kukubaliwa. Sentensi fupi inatosha: "Hilo umeshamwambia mwenyewe?" Iseme kwa sauti ya kawaida, kisha usiongeze neno. Akiendelea: "Hilo ni lake, mimi naomba lisinifikie." Basi. Usitoe mawaidha ya dakika kumi, kwa sababu mtu akiaibishwa ataacha kukuambia wewe tu, ataendelea kuwaambia wengine. Wengi hupenda kubadilisha mada kimya kimya, na hapo ndipo panapoharibika: msemaji anaondoka akiamini yuko kwenye mikono salama, na kesho anarudi na sehemu ya pili.

Kama jambo limepita kile kipimo cha mwanzo, mpe msemaji nafasi ya kurekebisha mwenyewe. "Mwambie ndani ya siku mbili. Usipomwambia, nitamwambia mimi." Siku mbili, siyo wiki mbili. Kila siku inayopita inazaa kosa la pili, maana swali la kwanza la msemwa litakuwa "ulijua tangu lini?", na jibu la swali hilo huuma kuliko maneno yenyewe.

---

Mpima_Maneno amejibu:

Kipimo cha Msuluhishi nakikubali. Naongeza kuhusu kinachoharibika njiani, maana hapo ndipo msikiaji mwenye nia njema anapogeuka mchonganishi bila kujua.

Mwaka 1932 mwanasaikolojia Frederic Bartlett wa Cambridge alieleza majaribio ya watu kupokezana hadithi, mmoja akisoma na kuieleza upya kwa mwingine. Hadithi ilifupika, visivyoeleweka vikadondoka, na vilivyobaki vikageuzwa vifanane na mambo ambayo msimuliaji ameyazoea. Mwaka 1947 Gordon Allport na Leo Postman walifanya jambo linalofanana kwa ajili ya uvumi: mtu anaeleza picha kwa asiyeiona, naye anampokeza wa tatu. Ikipita midomo mitano au sita, takribani asilimia 70 ya vipengele ilikuwa imepotea, na vichache vilivyosalia vilikuzwa. Angalia vizuri: hao hawakuwa na ugomvi wala wivu na mtu yeyote. Kumbukumbu peke yake ilitosha kuharibu.

Kwenye maneno ya watu, kinachodondoka mapema ni dalili za mashaka. "Nadhani", "labda" na "nimesikia tu" havina uzito mdomoni. Swali nalo hugeuka taarifa: "Hivi wameachana?" linafika kwa mtu wa tatu likiwa "Wameachana." Ndiyo maana ile "lisemwalo lipo" ni kisingizio kibovu cha kusambaza jambo. Mara nyingi lililopo ni swali la mtu mmoja lililopoteza alama yake ya kuuliza.

Kwa hiyo msikiaji ayaandike maneno siku hiyo hiyo, kwa matumizi yake tu, kabla hajaongea na mtu. Atenge makundi matatu: alichokisikia kwa masikio yake, alichoambiwa kwamba kilisemwa, na anachokidhania. La tatu libaki nyumbani. La pili lisemwe likiwa na lebo yake. Anapofikisha aseme hivi: "Jumamosi, tulikuwa watatu, alisema kwamba umeomba uhamisho. Sijui kwa nini alisema, sikumuuliza." Asiseme "anakuonea wivu" wala "hakupendi yule". Nia haisikiki kwa masikio, na ukiibeba umeongeza mzigo ambao msemaji hakuupakia.

Kuna sababu nyingine ya kujizuia kuongeza sifa. John Skowronski na wenzake walionyesha mwaka 1998 kwamba mtu anapomweleza mwenzake kuwa mwongo au katili, wasikilizaji huanza kumhusisha msimuliaji mwenyewe na sifa hiyo hiyo, bila hata kujua wanafanya hivyo. Kila "mbaya yule" unayoongeza inabaki na wewe.

Na picha za skrini: usizitume. Zinakata ujumbe wa juu uliofanya jibu liwe mzaha au liwe kali, halafu zinazaa nakala. Leo umemtumia msemwa, kesho kwa hasira ataitupa kwenye kundi la watu hamsini, na jina lako litakuwa juu kabisa. Kama lazima aone, aone kwenye simu yako, mkiwa mmekaa, na umrudishe nyuma kwenye mazungumzo asome tangu yalipoanzia.

---

Bi_Kweupe amejibu:

Kaka Msuluhishi, kwenye siku mbili hatuko pamoja. Ni njia nzuri kwa msemaji aliyeteleza. Kwa msemaji mzoefu umempa siku mbili za kutangulia. Atamfikia msemwa na toleo lake: "Msikiaji ana maneno siku hizi, akija kwako mwangalie." Ukifika wewe na ukweli, kiti kimeshakaliwa. Ningegawa hivi: kama ni mara ya kwanza na msemaji ameonekana kujuta mwenyewe, mpe nafasi. Kama ni tabia, au kama jambo ni uzushi na siyo siri iliyomponyoka, nenda moja kwa moja kwa msemwa, kisha mjulishe msemaji siku hiyo hiyo kwamba umekwenda. Hiyo hatua ya mwisho watu huiruka, na ndiyo inayotofautisha ukweli na kuchongea. Mchongezi huomba "usimwambie kwamba ni mimi".

Jina sasa. Hapa sina maelewano. Sentensi mbaya kuliko zote ni "kuna mtu anakusema, lakini siwezi kumtaja". Msemwa mwenye marafiki sita ataondoka hapo na washukiwa sita. Atapima salamu za kila mmoja, atapunguza simu, atamkosea mtu asiyehusika, na urafiki utakaovunjika huenda usiwe hata ule uliokuwa na kosa. Ama useme lote, pamoja na jina, ama unyamaze kabisa. Kama huwezi kutaja jina kwa sababu unaogopa, jiulize kama ulikuwa na haki ya kulibeba jambo lenyewe.

Kitasa ameuliza kuhusu siri. Ndiyo, hesabu inabadilika, na sana. Michael Argyle na Monika Henderson walichunguza mwaka 1984 kanuni ambazo watu wanazishika katika urafiki na zipi zikivunjwa urafiki unaisha. Zilizojitokeza sana kwenye kuvunjika ni zile zinazomhusu mtu wa tatu: kutoa nje ulichoaminiwa, kutomtetea mwenzako asipokuwepo, kumkosoa mbele za watu, kumwonea wivu kwa sababu ya marafiki zake wengine. Watu huvumiliana kuhusu mengi yanayobaki kati ya wawili. Anapoingia wa tatu, mtu anapoteza pia sura yake mbele ya wengine, na hasara hiyo hawezi kuirekebisha kwa kuongea na rafiki peke yake.

Msikiaji asisubiri kuambiwa "hii ni siri" ndipo aone ni siri, halafu ajitetee kwamba hakukatazwa. Kuna hadithi ya Mtume inayosema mtu akizungumza jambo kisha akageuka kuangalia huku na huku, jambo hilo ni amana. Ishara inatosha.

Na wale wanaosema kila neno kuhusu asiyekuwepo ni dhambi, wasome vizuri. Imamu Nawawi, mwanachuoni wa karne ya 13, alitaja hali sita ambamo kumtaja mtu kwa asilolipenda kunaruhusiwa, na mbili kati ya hizo zinatuhusu hapa: aliyedhulumiwa kupeleka malalamiko kwa mwenye uwezo wa kumtendea haki, na kumtahadharisha mtu na madhara, kwa mfano anayetaka kuoa au kuingia ubia. Upande wa Wakristo, Mathayo 18:15 inaanza na kumwendea mkosaji peke yenu wawili. Shahidi mmoja au wawili wanaingia baadaye, akikataa kusikia. Watu hupenda kuanzia hatua ya mwisho, kwenye kundi la simu.

---

Msuluhishi_K amejibu:

Dada Bi_Kweupe, kwa msemaji wa tabia nakubali, siku mbili ziondolewe. Kwenye jina bado nina sharti moja: kama msemwa ni mtu wa kupiga au ana madaraka juu ya kazi ya msemaji, jina linaweza kusubiri mpaka awepo mtu wa kati. Nje ya hapo uko sahihi.

---

Kitasa ameandika:

Nashukuru. Mmenifungulia mengine mawili. Kwanza, msikiaji ambaye siku ile alicheka na kuchangia neno moja, naye anaingiaje kwa msemwa bila kujifanya malaika? Pili, msemwa akishaambiwa, anamkabili vipi msemaji bila kuliteketeza kundi zima?

---

Mshona_Viraka amejibu:

Nianze na la pili maana ndilo linaloharibiwa zaidi.

Msemwa asiende siku aliyoambiwa. Alale kwanza. Halafu amwite msemaji peke yake, ana kwa ana au kwa simu ya kuongea; kamwe isiwe kwa ujumbe wa maandishi, kwa sababu maandishi hayana sauti na yanasomwa kwa sauti ya hasira ya msomaji. Aende na jambo moja. Ya mwaka juzi yaachwe. Sentensi ya kufungulia: "Nimeambiwa na fulani kwamba ulisema nimeomba uhamisho. Nataka nisikie kwako." Kisha anyamaze, hata kimya kikiwa kirefu cha kukera. Anayejaza kimya kile kwa kuendelea kulalamika anampa msemaji nafasi ya kujibu malalamiko badala ya swali.

Mitego isiwepo. "Hivi kuna kitu umewahi kusema kuhusu mimi?" huku unajua jibu ni kumpa mtu kamba ajinyonge, na akishadanganya mnakuwa na makosa mawili ya kusuluhisha. Mwambie unachokijua tangu mwanzo.

Akikana, usimlete msikiaji hapo hapo kama shahidi wa mahakamani. Sema: "Sawa, nimekusikia. Kama lilisemwa kwa namna nyingine, niambie ilivyokuwa." Mara nyingi toleo la kweli linatoka hapa, kwa sababu umempa mlango wa kutokea bila kuabika. Akikiri, swali linalofuata halipaswi kuwa "kwa nini ulifanya hivi?" (jibu lake huwa ni visingizio) bali "ni nani wengine wanaolijua?" Hilo lina faida: linaonyesha ukubwa wa uvujaji na linampa kazi ya kufanya.

Sasa msikiaji aliyecheka. Aanze na sehemu yake kabla ya kumtaja msemaji: "Nilikuwepo, nilicheka, na nikasema hata mimi nimeona hivyo. Ilikuwa ni kosa langu." Akianza na ya mwenzake kisha ya kwake yaje kujulikana baadaye, hata aliyoyasema kweli yatatiliwa shaka.

Kuhusu kuomba radhi kwenyewe kuna kazi ya Roy Lewicki na wenzake ya mwaka 2016. Walipima vipengele sita: kueleza majuto, kueleza kilichotokea, kukubali kwamba kosa ni lako, kuahidi kutorudia, kujitolea kurekebisha, na kuomba usamehewe. Chenye uzito mkubwa kilikuwa kukubali kosa, kikifuatwa na kujitolea kurekebisha. Chenye uzito mdogo kuliko vyote kilikuwa kuomba usamehewe. Sisi kwa kawaida tunafanya kinyume: tunaanza na "nisamehe basi" na kuirudia mara tano, na kosa lenyewe hatujalitaja. Ombi likija mapema hivyo linamhamishia aliyeumizwa kazi ya kumtuliza aliyemuumiza.

"Samahani kama umekwazika" itupwe kabisa. Hiyo "kama" inasema huenda shida iko kwenye moyo wa msemwa.

Kurekebisha hapa kuna maana maalumu: kurudi kwa kila mtu aliyeambiwa, mmoja mmoja, na kusema "lile nililokwambia sikuwa na haki ya kulisema, naomba liishie kwako". Kama lilikuwa uzushi: "halikuwa kweli, nami sikulithibitisha". Siyo kutangaza kwenye kundi, kwa sababu tangazo linawafikia hata ambao hawakuwa wanajua. Halafu amrudie msemwa na majina ya aliowafikia. Hii inachosha na inatia aibu, na ndiyo sababu inaaminika.

Baada ya hapo msemwa asilazimishwe kurudi alipokuwa. Mawasiliano yanaweza kurudi ndani ya wiki na siri zisirudi kwa mwaka mzima. Watu wa kati wanaosema "si ameshaomba radhi?" waache pupa. Kusamehe na kuaminiwa tena haviendi kwa mwendo mmoja.

---

Mpima_Maneno amejibu:

Nyongeza fupi, tusije tukageuka polisi wa mazungumzo. Megan Robbins na Alexander Karan walichapisha mwaka 2019 uchambuzi wa rekodi za mazungumzo ya watu 467. Kuwazungumzia wasiokuwepo kulichukua wastani wa dakika 52 kwa siku, na karibu robo tatu ya mazungumzo hayo haikuwa nzuri wala mbaya: fulani kahama, fulani kapata mtoto. Kwa hiyo anayeapa hatamtaja tena asiyekuwepo anajidanganya, na ndani ya siku tatu ataona kiapo hakina maana na kuacha hata kile kidogo kilichowezekana. Ajiwekee mpaka anaoweza kuushika: nisiseme ambalo nisingelirudia mwenyewe akiingia mlangoni, kwa maneno yale yale na kwa sauti ile ile. Sauti ni muhimu. Wapo wanaosema maneno safi kabisa kwa sauti inayochafua.

---

Bi_Kweupe amejibu:

Na upande wa anayetoa siri, maana tumemsahau. Siri nyingi huvuja bila ubaya wowote, kwa sababu wawili hawakukubaliana mipaka. Mmoja anadhani "usimwambie mtu" ni mtu yeyote, mwingine anadhani mwenza wake wa nyumbani hahesabiwi. Taja mipaka kabla hujafungua mdomo: nani anaruhusiwa kujua, na mpaka lini. "Hili ni lako peke yako mpaka nipate majibu ya hospitali, baada ya hapo nitalisema mwenyewe." Siri yenye tarehe ya kuisha ni rahisi kutunza kuliko isiyo na mwisho. Na mwache akatae. Mtu akikwambia "hilo usiniambie, mimi na fulani hatufichani", amekutendea uaminifu mkubwa, usimnunie.

Ile mbinu ya kumpa kila rafiki siri tofauti ya uongo ili ujue ipi imevuja, iacheni. Inashika anayeropoka, ni kweli, lakini wale wengine waliotunza wanabaki na uongo wako mikononi, na siku wakigundua walikuwa kwenye mtihani, wao ndio watakaoondoka.

---

Kitasa ameandika:

Na kama nimeshataja mipaka, nikajibiwa "simwambii mtu" haraka haraka?

---

Bi_Kweupe amejibu:

Uliza tena kwa jina: "Hata mwenzako? Hata dada yako?" Jibu likichelewa, usigombe. Mweleze jambo kwa juu juu, kwamba unapitia kipindi kigumu na unahitaji mtu wa kukaa naye. Majina, tarehe na kiasi cha fedha viache.